Tiketi ya Desemba kwenda Dodoma: wakala anasema niulize shirika, shirika linasema niulize wakala

Dada wa Area C, Leicester

Mbukwenyi ndugu zangu,

Naomba msaada wa haraka. Desemba tunakuja nyumbani, watu wazima wawili na watoto wawili, mkubwa ana miaka 9 na mdogo anatimiza miaka 2 Januari tukiwa bado huko. Ofisi ya wakala hapa ilitukatia LHR–DAR (Heathrow hadi Dar es Salaam) kwa kuunganisha ndege mara moja, kwenda na kurudi, kisha DAR–DOD (Dar hadi Dodoma), na hoteli ya usiku nne Zanzibar mwishoni. Juzi imekuja barua pepe kwamba ndege imesogezwa. Tulikuwa tutue DAR saa 7 mchana, sasa tunatua saa 3 usiku, na ndege ya Dodoma inaondoka saa 11 jioni siku hiyohiyo. Wakala anasema mabadiliko ni ya shirika, niwapigie wao. Shirika linasema tiketi iko mikononi mwa wakala, hawawezi kuigusa.

Nani anawajibika na hiyo DAR–DOD? Na je, mwaka ujao nikate mwenyewe niachane na mawakala?

---

Mzee wa Kizota, Reading

Pole sana, dada. Kabla hujapiga simu nyingine, toa karatasi ulizopewa utafute nambari za e-tiketi, si PNR. PNR ni herufi na tarakimu sita, inaonyesha tu kwamba bukingi ipo. E-tiketi ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika lililotoa tiketi: 197 ni Air Tanzania, 706 Kenya Airways, 071 Ethiopian, 157 Qatar, 176 Emirates, 074 KLM. Kama DAR–DOD ina nambari yake peke yake na ile safari ndefu ina nyingine, hizo ni tiketi mbili na mikataba miwili. Shirika la kwanza likichelewa, la pili halidaiwi kitu, kwao ninyi ni abiria msiotokea. Lakini kama vipande vyote viko ndani ya tiketi moja, shirika lililoitoa lina wajibu wa kuwafikisha hadi DOD, hata kama ni kesho yake.

Pili, usibonyeze "kubali" kwenye ile barua pepe ukadhani yamekwisha. Kukubali kunabadilisha bukingi tu. Tiketi yenyewe lazima itolewe upya ili ilingane na ndege mpya, na kwa tiketi ya wakala, anayeitoa upya ni wakala. Asipofanya hivyo, kwenye simu yako utaona ndege mpya, saa mpya, kila kitu kizuri, halafu pale kaunta mfumo unakataa kutoa pasi ya kupandia kwa sababu tiketi bado inasoma ndege ya zamani. Familia hukwama uwanjani kwa jambo hili, na saa 12 asubuhi ofisi ya wakala imefungwa. Mwambie akutumie risiti mpya ya e-tiketi kwa kila abiria, na risiti hiyo isome ndege mpya.

Tatu, kama ni tiketi moja, msije mkaamua wenyewe kuacha kipande cha DAR–DOD mkapanda treni kimyakimya. Kipande kimoja kikirukwa, vinavyofuata hufutwa, pamoja na safari ya kurudi. Wakiondoe rasmi kwenye tiketi kwanza.

Na kwa kuwa uko Uingereza, una ATOL, ile kinga ya wanaonunua safari za ndege. Wadai kwa hiyo.

---

Mama wa Hombolo, Hamburg

Mzee wa Kizota, shikamoo, lakini hapo mwishoni unampoteza mwenzetu. ATOL haihusiani na ndege kusogezwa. Inalinda pesa kampuni iliyouza ikifilisika, basi. Sisi huku tuna Sicherungsschein kwa kazi hiyohiyo, na hakuna anayeitumia kudai kuchelewa.

Kinachomsaidia dada ni kanuni za safari za pamoja. Ulaya ni Agizo 2015/2302, Uingereza ni kanuni za 2018 zilizotoka kwenye agizo hilo. Safari inahesabika ya pamoja pale wakala anapouza huduma mbili za aina TOFAUTI kwa safari moja: ndege na hoteli, au ndege na gari la kukodi. Ndege na ndege haitoshi hata zikiwa tano. Kwa hiyo jambo la kuuliza si LHR–DAR na DAR–DOD. Jambo la kuuliza ni hoteli ya Zanzibar: je, iliuzwa na ofisi hiyohiyo, kwa wakati uleule? Kama ndiyo, wakala ni mwandaaji na anawajibika kwa safari yote, DOD ikiwemo, na mabadiliko makubwa yanampa dada haki ya kukataa na kurudishiwa pesa bila kukatwa. Kama hoteli alijitafutia mwenyewe mtandaoni, wakala ni mpatanishi tu.

Cheti cha ATOL kinasaidia hapa tu: kisome kama kimeandikwa "Package" (safari ya pamoja) au "Flight-Only" (ndege tu).

---

Mzee wa Kizota, Reading

Marahaba, binti. Sikusema ATOL inalipa kuchelewa. Nilisema aitumie kudai, maana wakala mwenye ATOL ana kitu cha kupoteza. Tuendelee.

---

Mwana Mpwapwa, Minneapolis

Watu wazito mmesahau kadi. Huku Marekani, DOT, wizara ya uchukuzi, inataka shirika likupe saa 24 za kughairi bure ukikata moja kwa moja kwao siku 7 au zaidi kabla ya safari. Wakala halazimiki na sheria hiyo, hapo tu kuna tofauti ya dola mia kadhaa kwa mtu aliyekosea tarehe. Na tangu kanuni za 2024, safari ya kimataifa ikisogezwa saa 6 au zaidi na ukaikataa, unarudishiwa pesa, siku 7 za kazi kama ulilipa kwa kadi ya mkopo. Anayerudisha ni yule ambaye jina lake liko kwenye taarifa ya kadi yako. Likiwa la wakala, usihangaike na shirika.

Dada, kama ulilipa kwa kadi ya mkopo, tumia Section 75, sheria ya kuidai benki iliyotoa kadi, Uingereza mnayo.

---

Mama wa Hombolo, Hamburg

DOT ni kwa ndege zinazogusa Marekani. Dada anatoka Heathrow. Kwake inatumika UK261, kanuni ya haki za abiria wa ndege, kwa ndege yoyote inayoondoka Uingereza, hata ya shirika la nje: ikifutwa, uchague kurudishiwa pesa au kupelekwa kwa njia nyingine. Fidia juu ya hapo ni kama wamekujulisha chini ya siku 14 kabla. Yeye kajulishwa mapema, hivyo fidia asahau, ila kuchagua njia nyingine bado anaweza kudai.

---

Mzee wa Kizota, Reading

Na Section 75 nayo tuiseme vizuri. Inahusu kitu cha zaidi ya pauni 100 hadi 30,000, na inataka mnyororo usiokatika: wewe, benki, muuzaji. Ukimlipa wakala na mkataba wa ndege ni wa shirika, benki nyingi zinasema mnyororo umekatika. Ukikata mwenyewe kwenye tovuti ya shirika, mnyororo ni mzima. Hii ndiyo faida kubwa ya kukata mwenyewe, na watu hawaizungumzii kabisa, wanabishana tu nani rahisi kwa pauni thelathini.

---

Kijana wa Mlimwa, Dodoma

Shikamooni wakubwa. Niko nyumbani, nashughulika na safari za wageni kila siku, niongezee ya upande huu.

Dada, hata DAR–DOD ikirudi, usiitegemee siku ya kutua. Ukitua saa 3 usiku, ndani ya Terminali 3 kuna foleni ya uhamiaji, mizigo, forodha, halafu ndege za ndani ziko Terminali 2, unahama jengo na watoto. Laleni Dar. Asubuhi pandeni SGR, treni ya reli ya kisasa. Tangu Julai 2024 inafika Dodoma, nauli ya daraja la kawaida ilianza na shilingi 31,000, mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu, wa chini ya 4 hakati. Tiketi zinapatikana kwenye mtandao wa TRC, shirika la reli, unajaza nambari ya NIDA (kitambulisho cha taifa) au pasipoti kwa kila abiria, unapewa namba ya malipo. Jina liwe lilelile la kitambulisho, wanakagua getini. Wanaokwama ni wa nje wasio na laini ya Tanzania ya kulipia: mtumie ndugu namba ya malipo, alipe kwa simu, tiketi inakuja kwako. Na usingoje. Wiki ya Krismasi treni inajaa.

Ya pili, kwa anayetaka kuwapeleka watoto Kondoa kwenye michoro ya miambani au hifadhi ya Ruaha. Hapo ndipo mimi nasema tumia wakala, ila wa huku na mwenye leseni. Omba nakala ya leseni ya utalii, watu bado wanaiita TALA, uangalie mwaka wake kwa sababu inatolewa kwa mwaka. Jina la kampuni litafute kwenye mfumo wa BRELA, wanaosajili kampuni. Kiingilio cha hifadhi za taifa, za TANAPA, hakilipwi kwa noti getini, kinalipwa kwa kadi au namba ya malipo ya serikali, basi wakala akikuambia "nimeshalipa kiingilio" omba risiti yenye namba hiyo. Raia wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi, mgeni kwa kiwango cha dola, na tofauti ni kubwa, kwa hiyo mtume mapema nakala ya pasipoti ya kila mmoja. Kibali ni cha saa 24. Anayetoka Dodoma asubuhi kupitia Mtera hadi Iringa, kisha barabara ya vumbi hadi lango la Ruaha, akiingia jioni amechoma sehemu ya kibali gizani. Lala Iringa, ingia asubuhi.

Kondoa ni rahisi zaidi. Lami iko hadi Kolo, unaanzia ofisi ya mambo ya kale palepale Kolo, unapewa mwongozaji. Michoro ya maeneo ya Kolo B1 hadi B3 iko juu mlimani, njia ya mwisho ni mbovu na Desemba mvua zimeanza, kwa hiyo gari dogo libaki nyumbani. Viatu vya kupanda, maji ya kutosha, na msiguse ukuta wala kumwagia maji michoro ili ing'ae kwa picha. Kuna waliofanya hivyo na alama zake zinaonekana.

---

Mwana Mpwapwa, Minneapolis

Hicho kiwango cha dola ndicho kinachoniuma. Mtu kazaliwa Mpwapwa, kasoma Mpwapwa, mama yake kazikwa Mpwapwa, akichukua uraia wa Marekani anaomba viza ya dola 100 na hifadhini analipa kama mtalii. Uraia pacha lini?

---

Mzee wa Kizota, Reading

Sheria ya uraia ni ile ya 1995, mtu mzima akichukua uraia mwingine kwa hiari anapoteza wa Tanzania. Hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania si uraia pacha, tusichanganye. Mtoto ndiye anaweza kubaki na pande mbili mpaka 18, kisha achague. Wazazi wengi hawajui, wanawalipia viza watoto wenye haki ya pasipoti ya Tanzania.

---

Mama wa Hombolo, Hamburg

Mimi sitaki mabishano ya uraia mwezi huu. Desemba mvua inaanza, nyumbani wote wako shambani na mbegu za mtama na uwele, mlenda unaota nyuma ya nyumba bila kupandwa, na sisi tunabishana kuhusu dola. Wapelekeni watoto waione Dodoma ikiwa kijani. Wengi wanaijua ya Agosti tu, ya vumbi.

---

Msimamizi wa orodha ya barua pepe

Ndugu, mada ni tiketi. Dada wa Area C, umeangalia nambari?

---

Dada wa Area C, Leicester

Asanteni sana. Nambari ni mbili tofauti, ya DAR–DOD inaanza na 197. Cheti kimeandikwa "Flight-Only". Hoteli ina ankara yake, ya ofisi hiyohiyo, tarehe ileile. Na njia mpya waliyotuwekea ina kusubiri Nairobi saa 13.

---

Mama wa Hombolo, Hamburg

Ankara mbili hazibadilishi kitu! Kanuni inasema zikichaguliwa pamoja mahali pamoja pa mauzo kabla ya kukubali kulipa, ni safari ya pamoja hata mikataba ikiwa miwili. Cheti chao ndicho chenye kasoro.

---

Mzee wa Kizota, Reading

Au alilipa ndege asubuhi akarudi mchana kuchukua hoteli. Hapo hadithi ni nyingine. Risiti zina saa, aangalie.

---

Kijana wa Mlimwa, Dodoma

Jamani, saa 13 Nairobi! Tanzania inadai kadi ya homa ya manjano kwa anayetoka nchi yenye ugonjwa huo au aliyesubiri humo zaidi ya saa 12, na Kenya imo. Chanjo inatambulika siku 10 baada ya kuchomwa, na kadi ni ya maisha. Aliye nayo tayari hana shida. Asiye nayo akachome sasa, au wakala atafute njia yenye kusubiri kufupi. Na yule mdogo akitimiza miaka 2 kabla ya kurudi anahitaji kiti chake kwenye ndege ya kurudi. Mwulize wakala kama alikiweka, maana wengi hukata "mtoto mchanga" kwenda na kurudi, kisha uwanjani mzazi anauziwa kiti kwa bei ya siku hiyo.

---

Mwana Mpwapwa, Minneapolis

Kuna mwenye kujua kama watu 10 wa Dodoma tukikata pamoja tarehe 14 tunapata nauli ya kikundi, au wote lazima tuondokee mji mmoja?

---

Mzee wa Kizota, Reading

Ndege moja, tarehe moja, kuanzia 10, na majina unaweza kuyaleta baadaye. Hiyo ni kazi ya wakala, tovuti nyingi zinaishia watu 9. Tuma barua pepe mpya, usiiweke hapa.