Mbona wanatumia zenoni kuchungulia vitundu vya fuwele?

BintiMkomani: Assalam aleikum wenzangu. Niko nyumbani Lamu likizo, supavaiza kanipa mada ya kupima fuwele zenye vitundu kwa zenoni ndani ya mashine ya NMR (ile inayosoma viini vya atomu kwa sumaku), nimesoma tangu juzi na nimekwama palepale. Zenoni ni gesi bwete, haishikani na kitu, sasa itatoaje habari za kitundu ambacho imepita tu? Hapa barazani plasta imebanduka na jiwe la matumbawe liko wazi, nikilimwagia kikombe cha maji linayanywa papo hapo, hilo naliona kwa macho. Lakini gesi isiyoshika chochote?? Nielezeni kama mtoto wa darasa la nane tafadhali.

mwl_kemia_Malindi: Waleikum salaam dadangu. Kutoshikana ndiyo faida yenyewe, haiharibu sampuli. Atomu ya zenoni ni kubwa, kama nanomita 0.44 hivi, na wingu lake la elektroni linabonyea kwa urahisi, likibanwa na kuta kile kiini kilicho ndani kinahisi sumaku tofauti kidogo na mstari wake kwenye grafu ya NMR unasogea. Gesi ikiwa huru tunaihesabu sifuri, ikiingia kitunduni inasogea, na kitundu kikiwa chembamba inasogea zaidi, inaweza kupita 100 ppm (sehemu kwa milioni, ndicho kipimo cha kusogea huko). Yaani mgeni ndiye anayekwambia upana wa chumba. Na ndilo jina lake hasa, Ramsay na Travers walipoigundua London 1898 waliipa neno la Kigiriki la mgeni, kila nikifundisha hapo nafurahi.

BintiMkomani: Aaah sasa imeingia mwalimu, shukran sana. Lakini mbona si agoni, si ndiyo imejaa hewani?

kijana_wa_Shela: Agoni karibu yote ni agoni-40, kiini chake hakina spini (yaani usumaku wake mdogo), kwenye NMR ni bubu kabisa. Zenoni-129 ina spini nusu na ni kama asilimia 26 ya zenoni yote. Ila usifananishe sana na matumbawe dada, fuwele za molekuli kama vile CC3 (molekuli zenye umbo la kizimba) ya kundi la mkemia Cooper kule Liverpool (2009) molekuli hazijafungwa moja kwa nyingine kwa bondi, zimepangana tu, uwazi mmoja uko ndani ya kizimba na mwingine kati ya vizimba, zenoni inaruka huku na huku, ikienda mbio unaona mstari mmoja wa wastani. Mimi nilipima joto moja tu nikapoteza wiki nzima nikidhani kuna kitundu cha aina moja. Anza kwenye baridi, ambako zenoni haiendi mbio, kisha upandishe joto polepole.