Kobe wetu hataki kula tangu Julai, na gamba lake lilitobolewa. Nifanyeje?

Mama Nasri, Mikindani

Asalaam alaykum, na habari za jioni kwa wote. Naomba msaada kwa mwenye kujua kweli, maana hapa mtaani kila nikiuliza, kila mtu ana lake.

Mwezi wa tano mwanangu, ana miaka tisa, alikutana na vijana wa baiskeli wakitokea upande wa Nanyamba na kobe kwenye kamba. Alilia mpaka mjomba wake akawapa shilingi elfu tano. Tulipofika nyumbani ndipo tukaona kamba haikufungwa mguuni. Walikuwa wametoboa gamba lenyewe kwa msumari wa moto, nyuma kule juu ya mkia, wakapitisha kamba ya katani kwenye tundu. Mimi mwenyewe niliikata kwa mkasi, na mikono ilikuwa inanitetemeka.

Ni mdogo, anaenea kwenye viganja vyangu viwili. Rangi ya udongo, mgongo umelala kidogo, hana duara kama wale wa kwenye picha. Mwanzo alikula vizuri: papai, nyanya, tembele, hata wali wa jana. Tangu katikati ya Julai amejibana nyuma ya pipa la maji, hatoki, hali, hanywi. Nikimwinua anavuta kichwa ndani anatoa pumzi fyuuu. Kwenye makunyanzi ya mguu wa nyuma ana kupe watatu, na pembeni ya tundu kuna unyevunyevu.

Jirani anasema nimpake mafuta ya taa, kupe watadondoka. Shemeji anasema tukamwachie baharini kule kwenye mikoko, ndiko kwao. Nasri kila asubuhi kabla ya kwenda shule anainama nyuma ya pipa kumsalimia, na kila akirudi swali la kwanza ni kama amekula. Nimechoka kumjibu hapana.

Kijana wa Shangani

Pole mama. Nadhani ni hii baridi ya kusi tu, mwache alale. Ila jiandae na uwanja, kobe wanakua balaa. Mimi nilikwenda Zanzibar nikawaona wale wa kisiwa cha Changuu, wazito kuliko mtu mzima.

Binti wa Ng'apa, Lindi

Mama Nasri, nimesoma habari yako, na nilipofika pale kwenye msumari niliweka simu chini kwanza. Gamba la kobe si kifuu. Ni mfupa wake, umeungana na mbavu na uti wa mgongo, una damu na una mishipa ya fahamu. Aliusikia ule msumari wote. Mwambie Nasri hivyo hivyo, mtoto wa miaka tisa anaelewa, na atawaambia wenzake.

La haraka kuliko yote: shemeji asimpeleke baharini, tafadhali sana. Atazama afe. Anayeishi baharini ni kasa, na kasa miguu yake ni mipana kama makasia. Mtazame wako miguu: ni vigogo vifupi vyenye kucha, vya kutembelea nchi kavu. Huko kwenye mikoko si kwao hata kidogo.

Na mafuta ya taa hapana. Ngozi yake inayanywa yale. Chukua kibano cha nyusi, mshike kupe karibu kabisa na ngozi, mvute polepole bila kumsokota, kisha paka iyodini kidogo pale alipotoka.

Sasa twende kwenye kutokula. Mnyanyue usawa wa macho, usimgeuze chali, umtazame kwa ubavuni. Karibu na nyuma, kama theluthi ya mwisho ya gamba, angalia kama kuna mstari unaokata kwenda chini, laini kuliko sehemu nyingine. Kisha mguse mguu wa nyuma kwa kidole. Kama sehemu ile ya nyuma inashuka na kuziba miguu, kama kifuniko cha sanduku chenye bawaba, basi una yule kobe wa bawaba. Wataalamu humwita Kinixys. Kwa maelezo yako ya mgongo uliolala na rangi ya udongo, mimi nahisi ndiye. Na kama ndiye, usimwogope Kijana wa Shangani: huyu hafikii hata urefu wa rula ya shule. Wale wa Changuu ni jamii nyingine kabisa, asili yao ni Aldabra huko Shelisheli.

Kobe huyu kiangazi hujificha. Anaingia kwenye shimo la mnyama mwingine, au chini ya gogo na majani makavu, anatulia miezi akisubiri mvua. Kwetu huku kusini mvua zikikatika mwezi wa tano mpaka zirudi Novemba au Desemba ni muda mrefu, na mwili wake unajua hivyo. Kwa hiyo kule nyuma ya pipa huenda hafi. Amepatafuta mahali penye kivuli na unyevu, akapapata.

Lakini wako ana kidonda, kwa hiyo usiseme amelala ukamwacha. Kila baada ya siku tatu nne mweke kwenye beseni lenye maji ya vuguvugu, yafike kidevuni tu, pua iwe nje, dakika kumi na tano. Utamwona anazamisha mdomo na koo linacheza. Hapo anakunywa. Mpime pia kwa mizani ya jikoni uandike. Uzito ukishuka wiki hadi wiki, au ukaona mapovu puani, macho yamevimba, anahema mdomo wazi, huo si usingizi tena, ni ugonjwa.

Naandika kirefu kwa sababu mimi wangu wa kwanza nilimuua kwa kutokujua. Baba, Mungu amrehemu, aliniletea kutoka shamba kobe wa madoa kama ya chui, mdogo kama kikombe. Nilimpenda sana. Nikamweka barazani kwenye saruji asichafuke, nikampa wali, mkate uliolowekwa kwenye chai, mara moja moja dagaa. Alikuwa anakimbilia sahani. Mwaka wa pili nikawa nikimbonyeza gamba linaingia chini ya kidole, kama ganda la yai lililolala kwenye siki. Miguu ikashindwa kumnyanyua, akawa anaburuta tumbo. Alikufa siku nafua nguo, nikamkuta kando ya beseni. Bwana mifugo mmoja mzee ndiye aliyenieleza baadaye: yule alihitaji nyasi tu, nyasi na majani, na jua la kumpiga mgongoni. Jua ndilo linaloufanya mwili wake utengeneze vitamini D, na bila hiyo hata ukimpa kalisi nyingi kiasi gani haikai mfupani. Kivulini kwenye saruji, na wali, gamba halikuwa na cha kujengea.

Niliye naye sasa, kwa kibali, anashinda uani kwenye udongo, anachunga mwenyewe. Nimemjengea kichaka cha majani ya mgomba cha kujificha mchana.

Wako, kama ni wa bawaba, chakula chake ni tofauti kidogo na cha huyu wangu. Wa bawaba anakula uyoga, konokono, majongoo, minyoo, matunda yaliyodondoka, pamoja na majani. Wali achana nao kabisa. Na kwa sababu uko Mikindani una kitu ambacho mimi huku Ng'apa naagiza: maji yakipwa pita ufukweni uokote ule mfupa mweupe mwepesi wa ngisi, unaosagika kwa ukucha. Uloweke maji baridi siku mbili kutoa chumvi, uanike, umwachie aumege mwenyewe akiamka. Kalisi safi, bure.

Jambo la mwisho, na wewe wa Mtwara utanielewa: msimu huu watu wanapulizia mikorosho. Usimkatie majani chini ya mikorosho wala pembeni yake, na kama shamba la jirani limepakana na ua wako, muda wa kupuliza mwingize ndani.

Bwana Mifugo, Masasi

Dada wa Ng'apa amesema vizuri. Naongeza kuhusu kidonda. Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, kisha iyodini kutoka duka la dawa, mara moja kwa siku. Usizibe kwa gundi, rangi wala saruji, nimeshaona watu wanafanya hivyo na uchafu unaozea ndani. Adui mkubwa ni inzi. Akitaga kwenye ule unyevu, siku mbili tu una funza ndani ya mfupa. Kwa hiyo mpaka kikauke mlaze kwenye boksi lenye gazeti safi na chandarua juu, si kwenye udongo. Ukisikia harufu, mlete kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Nawe mama, usiogope ninachosema sasa. Kobe ni mnyamapori, na kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 huwezi kumweka nyumbani bila kibali. Nenda mwenyewe kwa afisa wanyamapori wa halmashauri umweleze ulivyompata. Ukienda wewe kwanza inakuwa mazungumzo. Na msimwachie popote tu porini kwa kumhurumia. Mwacheni afisa aseme wapi na lini.

Nasri anawe mikono kwa sabuni kila akimshika. Kobe hubeba vijidudu vya kuharisha bila yeye mwenyewe kuumwa.

Mama Nasri, Mikindani

Allah awalipe. Nimemnyanyua usiku huu kwa tochi, Nasri akamgusa mguu. Kifuniko kimeshuka! Tulikaa kimya wote wawili. Gramu 640 kwa mizani ya kupimia unga. Kupe wametoka, wa tatu alinisumbua. Kesho nakwenda halmashauri.

Binti wa Ng'apa, Lindi

Mama Nasri, miezi inapita. Umekwenda? Na tundu je?

Mama Nasri, Mikindani

Nisamehe dada, msimu wa korosho ulinimeza.

Nilikwenda. Afisa hakunigombeza. Alikuja nyumbani, akamtazama, akasema kumtoa kiangazi na kidonda ni kumuua, nimtunze mpaka mvua zianze, kisha atamrudisha msituni upande alikotolewa. Akaniandikia karatasi. Maji ya beseni nimempa kama ulivyosema, na uzito haukushuka chini ya gramu 600.

Juzi usiku mvua ya kwanza imepiga hapa, ile ya kunukisha udongo. Asubuhi nasikia Nasri ananiita kwa sauti ya kunong'ona. Kobe alikuwa katikati ya ua, shingo nje yote, matope mpaka puani, ana konokono mdomoni. Unasikia kabisa ganda linavunjika, kra, kra. Alimaliza huyo akaenda kwenye mfupa wa ngisi, ambao umekaa pale tangu Agosti bila kuguswa, akaumega pembeni.

Tundu halijafunga, ila kingo zimekauka, zimekuwa ngumu na nyeupe. Afisa anakuja Jumatatu. Nasri ameomba apande naye gari mpaka huko, amshushe chini yeye mwenyewe, na nimemkubalia.