Darasa lenye watoto zaidi ya mia: tupeane uzoefu wa kumfikia kila mtoto

Mwanzilishi wa mada, shule ya msingi, Tabora

Heshima kwenu walimu wenzangu. Tangu Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulipofuta ada na michango ya lazima, na utekelezaji wake ukaanza Januari 2016, watoto ambao zamani wangebaki nyumbani kuchunga ng'ombe au kulea wadogo zao wameingia darasani, na kwa hilo nashukuru kwa dhati. Hata hivyo, kiwango tunachopewa katika miongozo ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, ilhali wengi wetu tunafundisha mkondo wenye watoto zaidi ya mia moja, wanne wakibanana katika dawati moja na wengine wakiwa sakafuni. Katika umati huo, mtoto asiyejua kusoma anaweza kuitikia pamoja na wenzake, akanakili ubaoni kwa mwandiko mzuri, akapanda hadi darasa la tano pasipo mtu kumgundua. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Naomba kila mmoja aeleze anavyofanya ili amjue mtoto mmoja mmoja. Suala la mishahara na kupandishwa madaraja ni zito, lakini tulifungulie uzi wake wa pekee.

Mwalimu wa darasa la kwanza, Geita

Ahsante kwa mada hii. Mimi nafundisha KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na ninaamini kwamba mtaala ulioanza mwaka 2015 kwa darasa la kwanza na la pili ulitusaidia sana ulipopunguza masomo yaliyokuwa yakigombania muda wa mtoto mdogo. Kutamkisha silabi kwa pamoja ni kazi nyepesi, kwa kuwa hata watoto mia watasema "ma, me, mi, mo, mu" kwa sauti moja, na mgeni akipita dirishani ataamini kwamba wote wanasoma. Ndiyo maana siku hizi sipimi uelewa kwa kuitikia.

Kila muhula unapoanza, huwaita watoto mezani kwangu mmoja baada ya mwingine, wakati wenzao wanahesabu kwa vizibo vya soda na vijiti, na kila mmoja humpa kadi ya silabi pamoja na sentensi moja fupi. Kazi hiyo huchukua siku nyingi, na mwalimu mgeni asivunjike moyo akiona anachelewa kuanza mada, kwa sababu muda huo unalipa baadaye. Nikimaliza huwa nimepata makundi matatu: wanaotambua irabu tu, wanaounganisha silabi, na wanaosoma sentensi. Kundi la kwanza hukaa nalo kila siku kwa dakika chache, nikiwa nimeinama pamoja nao mkekani, huku makundi mengine yakiwa na kazi yao. Majina ya makundi ni ya wanyama, na hakuna linaloitwa la mwisho. Katika andalio la somo naandika waziwazi kwamba lengo ni moja na kazi ni tatu, ili yeyote atakayekuja kukagua aelewe kwa nini watoto hawafanyi kitu kimoja.

Mtoto anayesoma vizuri humketisha karibu na wawili wanaojikongoja, ila simgeuzi kuwa mwalimu wao kwa kipindi kizima, kwani naye amekuja shuleni kujifunza.

Mwalimu wa Biolojia, sekondari ya kata, Lindi

Sisi tulipata vyumba vipya mwaka 2021, katika yale madarasa 15,000 yaliyojengwa nchini kwa fedha za UVIKO, yaani za kukabiliana na janga la korona, na msongamano ukapungua kwa namna inayoonekana. Ugumu wetu mkubwa ni lugha. Mwanafunzi aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili anafika kidato cha kwanza na kukuta karibu masomo yote yako katika Kiingereza, na kozi ya awali ya Kiingereza ya wiki chache haiwezi kuziba pengo la miaka saba. Hapo ndipo mtoto mwerevu anapojifunza kunyamaza.

Ninapoanza mada kama usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, nawaacha wazungumze kwa Kiswahili wakiwa wanne wanne: kwa nini mahindi yaliyo chini ya mwembe hudhoofika, na mmea unapata wapi chakula chake. Wakishaelewana, ndipo tunajenga pamoja sentensi za Kiingereza watakazozihitaji katika mtihani. Kabla kengele haijalia, kila mmoja anaandika kwenye kipande cha karatasi jambo moja alilolielewa na moja lililomshinda, kwa lugha yoyote anayoiweza. Nikifika ofisini nazipanga karatasi hizo katika mafungu kulingana na kilichowashinda, na fungu kubwa kuliko yote ndilo linalofungua kipindi kinachofuata. Kwa njia hii niligundua kwamba baadhi ya wanafunzi wenye madaftari safi kabisa hawakuwa wameelewa chochote, na sikuwahi kuwasikia wakiuliza swali.

Mwalimu wa Sekondari Msingi, Kilifi

Salamu kutoka Kenya. Wingi wa wanafunzi tuliujua tangu elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003, lakini mtaala wa umilisi, unaotazama kile mwanafunzi anachoweza kutenda, umetuongezea jingine: kila mwanafunzi anatakiwa kutathminiwa kama amezidi matarajio, ameyafikia, anayakaribia au yuko chini yake, na katika darasa la watu sabini tathmini hiyo hugeuka haraka kuwa kujaza fomu. Mimi huchagua wanafunzi wachache kila kipindi, nikawatazama wao kwa makini na kuandika hapo hapo, hadi orodha nzima inapoisha. Ni polepole, lakini ninachokiandika nakuwa nimekiona kwa macho yangu.

Mwalimu mstaafu, Morogoro

Nimewasoma wote kwa furaha. Mimi ni katika walimu walioajiriwa wakati wa UPE, yaani mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi iliamua kuandikisha watoto wote ifikapo 1977, na vijana tuliomaliza darasa la saba tukafundishwa ualimu huku tukiwa kazini. Watoto walikuja kwa zamu, asubuhi na mchana. Nilichojifunza ni kwamba mtoto anayepotea darasani mara nyingi anajulikana vizuri kijijini, kwa hiyo nilikuwa napita nyumbani kwao jioni, nikijua nani analelewa na bibi, nani haoni vizuri, nani anachota maji kabla ya kuja shule.

Naomba kumtahadharisha mwalimu wa Geita. Nimeona shule ambako mtoto aliyewekwa kundi la chini Januari alibaki humo mpaka Novemba, na yeye mwenyewe akaamini kwamba hapo ndipo mahali pake.

Mwalimu wa darasa la kwanza, Geita

Shikamoo mwalimu wetu. Nimelipokea. Kila mwezi nawapima upya na kuwahamisha, na anayehama kwenda mbele namtangaza kwa wenzake. Nakiri kwamba wapo wachache wanaokaa sana, na kati yao wapo waliohitaji miwani au kupimwa masikio. Kwa hiyo siku hizi mtoto asiyesogea kwa miezi miwili namwita mzazi tuzungumze kabla ya kitu kingine chochote.

Mwanzilishi wa mada, Tabora

Marafiki, hizo karatasi za Lindi nitazianza na darasa la sita. Je, kuna anayetumia vishikwambi vile vya Sensa ya 2022 tulivyogawiwa walimu kwa kazi hii ya kumfuatilia mtoto?

Mwalimu wa darasa la pili, Mbeya

Mimi natumia. Nawarekodi watoto wakisoma aya ileile mwanzo na mwisho wa muhula, na siku ya kikao cha wazazi kila mzazi anamsikiliza mwanawe mwenyewe tu, pembeni, kwa dakika moja. Wazazi ambao hawakuwahi kufungua daftari la mtoto sasa wananiuliza wamsaidieje nyumbani. Shuleni kwetu hakuna umeme, hivyo nakichaji usiku nyumbani, na rekodi nazifuta mwaka unapoisha.