Tombola ya akiba: tumtangaze aliyepata zawadi kubwa ao tumfiche?

MwanaKamati_Katuba: Jambo wakubwa. Koperative yetu hapa Lubumbashi inaandaa tombola ya wenye akiba. Kila dola 10 iliyokaa miezi mitatu bila kuguswa inapata namba moja, zawadi kubwa ni dola 3 000. Nusu ya kamati inataka picha ya mshindi ibandikwe mlangoni ili watu waamini. Wengine wanasema hata Uingereza washindi wakubwa wa tombola ya akiba hawatajwi. Kwa nini wanafichwa, na tufanyeje ili tusiambiwe tumekula zawadi?

Hesabu_Safi: Ndugu, anayeshinda tombola ya akiba ni mteja mwenye akaunti. Ukimtaja, unatangaza pia kwamba ana pesa kwenu, na hiyo ni siri aliyokukabidhi siku alipofungua akaunti. Tena akiba yake bado iko pale pale, si kama bahati nasibu ambako pesa ya tiketi imeshaliwa. Premium Bonds za Uingereza, hati za akiba za serikali ambazo badala ya riba zinaingia tombola, zilianza kuuzwa 1956. Mtambo wao, ERNIE, unachagua namba tu. Kila mwezi zawadi mbili ni za pauni milioni moja. Wanachotangaza ni namba ya hati, eneo, kiasi alichoweka mshindi na wakati aliponunua. Jina halitoki, na habari anapelekewa na mjumbe, uso kwa uso.

Mama_Sanduku: Ni kweli, lakini musinakili kila kitu. Eneo la kule ni jimbo ao jiji zima. Kwenu mukiandika "mtaa wa Katuba, muuza makaa, ana dola 640", soko lote limeshamjua kabla ya saa sita. Andikeni namba iliyoshinda na neno Lubumbashi, basi. Mesaji musitume kabisa: simu moja nyumbani inashikwa na watu watano, na "umeshinda dola 3 000" itasomwa kwanza na mtoto. Mpigieni, mwombeni afike ofisini na kadi ya mchaguzi, mumwambie mukiwa mumefunga mlango. Zawadi iingie kwenye akaunti ile ile. Anayetoka na bahasha nene amejitangaza. Siri huvuja zaidi dirishani kwa makarani, pale salio linapopanda ghafla, kwa hiyo kwa mwezi mmoja akaunti hiyo aione mkurugenzi peke yake.

Mkaguzi_Lshi: Sasa upande wa kuaminiwa. Kamati, wafanyakazi na wake ao waume zao wasiingie kwenye tombola. Wiki moja kabla ya tombola, kila mwanachama apewe karatasi yenye namba zake. Orodha ya namba na akaunti itiwe bahasha na mhuri wa notere (anayethibitisha hati kisheria) kabla ya siku yenyewe. Kisha mabakuli matano mbele ya watu wote, kila moja na mipira ya 0 hadi 9. Mukiwa na namba 40 000, yaani 00000 hadi 39999, bakuli la kwanza litiwe 0, 1, 2 na 3 tu. Mukiwa na 36 500 na ikatoka 38214, rudieni tarakimu zote tano. Wengi hurudia ile iliyozidi peke yake, na hapo wenye namba za 30000 kwenda juu wanapendelewa. Kule Uingereza ofisi ya serikali, si ile inayouza hati hizo, ndiyo inayopima kama namba zimetoka bila upendeleo. Kwenu kazi hiyo ni ya notere, na anaisaini palepale.

MwanaKamati_Katuba: Asanteni sana. Na matapeli? Na kama mshindi mwenyewe anataka kutajwa?

Mama_Sanduku: Matapeli wanapenda sana jina lililofichwa. Watapiga simu: "Umeshinda, tuma franka 20 000 za kufungua faili." Kwenye kila karatasi ya namba andikeni kwa herufi kubwa kwamba koperative haiombi hata franka moja kabla ya kutoa zawadi. Anayetaka kutajwa asisaini ruhusa siku hiyo ya furaha. Mpeni siku 30, azungumze na watu wa nyumbani kwake, arudi akiwa ametulia.