Jina la ua kwa mtoto wa kike: akina Asumini, Waridi na Maua, tupeane uzoefu

Bint Chumbageni
Habari za jioni wapendwa. Mwezi ujao natarajia mtoto wa kike, inshallah, na nyumba imeshagawanyika. Mama mkwe anataka aitwe Asumini, jina la marehemu mama yake. Mume wangu mbele ya mamake anaitikia, tukibaki wawili ananiambia jina la kizee hilo. Mawifi nao wameleta orodha yao ya akina Jayda na Aaliyah. Mimi mwenyewe majina ya maua nayapenda. Ukoo wetu una Maua wawili na Waridi mmoja, ila wote ni bibi zetu, wa rika langu hakuna hata mmoja.

Maana ya majina naijua, msinipe maana. Namtaka mwenye jina la ua, au aliyempa mwanawe, aniambie wameishi nalo vipi. Shuleni, kazini, kwenye vyeti. Karibuni.

Asumini wa Pili
Umenigusa, mimi ndiye huyo Asumini. Mtu wa Pangani, jina nimepewa la bibi mzaa baba.

Nianze na utamu wake. Bibi hakuwahi kuniita Asumini, aliniita "somo". Wajukuu tulikuwa wengi, lakini somo wake nilikuwa mimi, na hilo lilikuwa na faida zake: kipande cha nyama, nafasi ya kulala kitandani kwake, mkufu alioniachia. Na kazi zake pia. Alasiri wenzangu wakicheza rede, mimi naitwa uani kuchuma asumini. Inachumwa ikiwa bado vitumba, unatia kwenye upindo wa kanga, halafu mnakaa mkekani na sindano na uzi. Ukichelewa mpaka magharibi imeshachanua, haitungiki vizuri. Bibi alikuwa akiukagua uzi wangu kwa kidole, akikuta kitumba kimechomwa ubavuni badala ya kwenye kikonyo, unafumuliwa wote. Usiku nyumba nzima inanukia, asubuhi ule uzi umeshakuwa wa kahawia, unatupwa.

Sasa adha. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Asumini. Mwalimu wa darasa la kwanza akaandika Asmini, na cheti cha la saba kikatoka Yasmin. Kila aliyeshika kalamu alijiona ananisahihisha! Nilipoanza kufuatilia kitambulisho nikaambiwa nikale kiapo kwa wakili kwamba hawa watatu ni mtu mmoja. Jina lenyewe halina tatizo, dada. Simamia herufi tu.

Mzee wa Wete
Assalaam aleikum. Nimeona watu wakisema mitaani kwamba majina ya maua ni ya ngoma na harusi, hayana mashiko ya dini. Si kweli. Katika Sahih Bukhari Mtume (SAW) amewasema wajukuu zake Hassan na Hussein kuwa ndio rehani zake wawili wa duniani. Rehani ni huu huu mrehani tunaoupanda mlangoni. Kama Mtume amewafananisha na rehani watoto wa kiume wa nyumba yake, wewe wa kike unamwogopea nini? Siku ya saba mchinjie akika, mtaje jina lake, basi.

Rehani mwenyewe
Shikamoo mzee. Hiyo hadithi laiti ningekuwa nayo darasa la tano! Mwalimu wa hesabu alifundisha mikopo, akasema "nyumba imewekwa rehani", darasa zima likageuka kuniangalia. Mpaka namaliza shule naulizwa nimewekwa na nani na nitakombolewa lini. Siku hizi nafanya kazi benki, dawati la mikopo, kwa hiyo mnaweza kukisia. Wateja wanacheka wakisoma jina kifuani kwangu, halafu wanalikumbuka. Binti yangu nimemwita Raihana. Ni kitu kilekile, ila kwenye fomu ya mkopo hakimo. Tabu yake ni moja, kila mtu anadhani nilikuwa shabiki wa yule mwanamuziki wa Barbados.

Maua wa Temeke
Mimi nitakuwa wa kukupinga. Naitwa Maua na wanangu wote wana majina ya kawaida, kwa makusudi. Wanaume hawana dogo. "Maua, nani anakumwagilia?" "Maua, nyuki wako wapi?" Hayo nimeyasikia tangu kwenye daladala hadi ofisini, na kila anayeyasema anajiona wa kwanza. Tena siku hizi ndiyo balaa, kila mtu akifanya vizuri anaambiwa apewe maua yake, basi wenzangu kazini wananigeukia, "haya Maua, umegawiwa". Jina la bibi yangu naliheshimu, Mungu amrehemu, ila yeye hakupanda daladala.

Asumini ni afadhali. Angalau mzaha wake hauji haraka.

Nyota ya Kibokoni
Mombasa hapa. Mwanangu ni Kilua, na ana miaka kumi. Watu huniuliza ni jina la kabila gani, hata Waswahili wenzangu! Hivyo ndivyo tulivyosahau. Bibi zetu kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, hakikamiliki kama hakuna kilua ndani: asumini, mrehani, vipande vya mkadi, langilangi ikipatikana, na kilua. Ua lenyewe halina sura, kijanimanjano hivi, linaning'inia. Ukilitia kabatini, nguo zako zote zitanukia. Mti wake unaota kwetu na huko kwenu Tanzania, na wataalamu wa mimea walipouandika mwaka 1970 walichukua jina letu lilivyo, wakauita Mkilua fragrans. Nilimwonesha mwanangu hilo kwenye simu. Tangu siku hiyo akiulizwa jina lake anasema ni la kisayansi.

Kijana wa Lushoto
Heri yenu mna kilua. Sisi Usambara tuna ua zuri la zambarau linalopandwa madirishani dunia nzima, lakini jina lililovuma ni Saintpaulia, kwa ajili ya Mjerumani aliyekuwa mtawala Tanga na kupeleka mbegu kwao miaka ya 1890. Mke wangu alitaka binti yetu aitwe kwa ua la nyumbani. Nikamwambia, Saintpaulia? Mtoto ataitwa Paulo huyu. Tukamwita Waridi, ambalo si la kwetu wala nini, lakini linatamkika.

Mama Hadasa
Kwa ndugu zangu Wakristo wanaosoma kimyakimya: na sisi tunayo, tena tunayo bila kujua. Susana kwa asili ni yungiyungi. Roda, yule kijakazi wa Matendo 12 aliyesikia sauti ya Petro mlangoni akakimbia kutoa habari kwa furaha bila kumfungulia, ni waridi. Hadasa, jina jingine la Esta, ni mhadasi. Wangu nilimchagulia Hadasa na mchungaji mwenyewe aliomba nimtajie mstari. Esta 2:7.

Dada wa Kampala
Kwa Baganda yupo Nakimuli, na "kimuli" ni ua. Tofauti ni kwamba majina yetu mengi yana ukoo wake, hujichukulii tu kwa sababu limekupendeza. Kwa hiyo usipuuze hoja ya mama mkwe. Wewe unaliona ua, mwenzio anamwona mama yake.

Mwana wa Muttrah
Nawasalimu kutoka Muscat, wazee wangu ni wa Unguja. Binti yangu ni Waridi, nimekataa Warda. Shuleni walimu wanamwita Warda, nyumbani na kwa bibi yake ni Waridi, na yeye mwenyewe anajua nani amwitikie kwa lipi. Machi hadi Mei tukipanda Jabal Akhdhar wakati wa mavuno ya mawaridi, wakati watu wanakeneka maji ya waridi, anatembea kama shamba lote ni lake.

Bint Chumbageni
Asanteni sana jamani. Nimemsomea mama mkwe haya yote, alipofika kwa somo na uzi uliofumuliwa akaniambia "huyo kalelewa". Mume nimemkuta anauliza mtoto atakatishwaje, Asu au Mini, kwa hiyo huyo ameshaanguka. Mawifi tumewaachia jina la pili. Asumini wa Pili, hebu niambie, herufi nisimamie wapi hasa?

Asumini wa Pili
Kwenye tangazo la kizazi, ile karatasi ya hospitali kabla ya cheti. Andika mwenyewe kwenye kipande cha karatasi kwa herufi kubwa, umpe nesi anakili, na usiondoke dirishani hadi usome alichoandika. Siku ya kumwandikisha shule nenda na cheti mkononi, usitaje kwa mdomo. Ukitaja tu, ataandikwa Yasmin.