Makumbusho ya magari na pikipiki za zamani Stuttgart na jirani zake: nimpeleke mzee wapi?

Mtu_wa_Raskazone:
Habari za humu wakuu. Mwezi wa sita nampeleka baba Ujerumani kwa kaka yangu anayeishi Stuttgart. Baba ni fundi mstaafu, Tanga nzima wanamjua kwa Benz na Peugeot, ila ugonjwa wake hasa ni pikipiki. Tuna Jumamosi, Jumapili na Jumatatu. Kaka anasema tukiona Mercedes-Benz inatosha, kwingine ni kupoteza nauli. Mimi nasikia pia habari za Porsche, Neckarsulm na Sinsheim. Goti la mzee linasumbua. Mliofika, nipeni ulinganisho wa kweli, maneno ya vipeperushi nimeshayasoma.

DadaMaua_Esslingen:
Kaka yako yuko sahihi kuanza na Mercedes, hapo kwenye "inatosha" ndipo tunapoachana. Kwa goti la mzee pale ni pazuri: lifti inawapandisha hadi juu kabisa, halafu mnashuka taratibu kwa mzunguko. Ukitoka kwenye lifti unapokewa na sanamu ya farasi mweupe, pamoja na maneno ya Kaiser Wilhelm II, mfalme wa Ujerumani enzi hizo, kwamba yeye anaamini farasi, gari ni jambo la kupita. Ukisogea kidogo unakutana na Benz ya magurudumu matatu ya 1886.

Jengo ni la 2006, na magari yako kama 160. Watu hujazana kupiga picha kwenye gari la Papa na ile Mercedes SL nyekundu ya Princess Diana. Baba yako atagandia kumbi za pembeni zenye malori na mabasi, gari za kazi alizozizoea. Kwa upande wa pikipiki, msitarajie mengi. Kuna ile ya mbao ya wahandisi Daimler na Maybach ya 1885, yenye vigurudumu viwili vya kuizuia isianguke, lakini ni nakala. Ya awali iliungua moto 1903.

Msafiri_Nakuru:
Mimi ni mtu wa Safari Rally, kwa hivyo kura yangu ni Porsche. Wana 911 SC ya 1978, ile ya mistari ya rangi za wadhamini wake Martini, imeinuliwa juu na kufungwa vyuma mbele vya kukinga ng'ombe na mawe. Vic Preston Jr wetu alimaliza wa pili mwaka ule. Aliyeshinda? Peugeot 504 ya Jean-Pierre Nicolas! Mzee wa Peugeot atacheka mpaka walinzi wamwangalie. Porsche hawajawahi kushinda Safari ile ya zamani, wakati Mercedes waliibeba 1959, 1960 na 1961.

Ila uliza kabla hujalipa. Magari yao yanazunguka, mengine yanatolewa kwenda kuendeshwa kwenye maonyesho, unaweza kufika na lile unalolitaka halipo. Treni ya S6 inakushusha mlangoni.

BabuVespa_Ngambo:
Mfikishie mzee salamu zangu, mwambie shikamoo. Nyote mmezungumza magari, na mtoto kasema babake ana maradhi ya pikipiki. Basi ni Neckarsulm. Makumbusho yako ndani ya ngome ya zamani ya wale wapiganaji wa Kijerumani wa vita vya msalaba, tangu 1956. Mji wenyewe ndio nyumbani kwa NSU, kampuni iliyokuwa ikiongoza duniani kwa kuunda pikipiki mwaka 1955, leo kiwanda ni cha Audi.

Akifika kwenye NSU Max mwacheni ainame. Kemshafti yake, chuma kinachofungua vali za injini, iko juu, lakini haina cheni. Inazungushwa na vyuma viwili mfano wa konrodi vinavyopanda na kushuka. Mimi natengeneza vespa siku zote hapa Unguja, na nilisimama pale mpaka mwanangu akaenda kunywa kahawa akarudi. Ngazi zipo, chukueni pole pole.

TingaTinga_Moro:
Hakuna aliyetaja siku? Jumatatu Mercedes na Porsche wamefunga. Sinsheim, makumbusho ya magari na ndege, wako wazi kila siku ya mwaka. Juu ya paa kuna Concorde na Tupolev Tu-144 pamoja, ndege za abiria zilizokwenda kasi kuliko sauti, na unaingia ndani ya zote mbili. Chini wana Blue Flame, gari la roketi lililovuka kilomita 1,000 kwa saa mwaka 1970, na Brutus, gari lililobandikwa injini ya ndege ya BMW ya lita 47. Lita, jamani!

DadaMaua_Esslingen:
@TingaTinga Sinsheim kumejaa mno, kama stoo ya tajiri asiyejua kuuza. Halafu kiingilio ndicho kikubwa kuliko vyote, na kuingia Concorde ni kupanda ngazi na kutembea kwenye sakafu iliyoinama. Kwa goti lile?

TingaTinga_Moro:
Si lazima apande. Chini peke yake siku haitoshi.

Mtu_wa_Raskazone:
Asanteni sana. Jumamosi Mercedes, Jumapili Neckarsulm. Porsche nitaenda siku nyingine bila mzee. Jumatatu bado: Sinsheim au kuna kitu kingine?

DadaMaua_Esslingen:
Jumatatu nendeni Motorworld, Böblingen, kwenye uwanja wa ndege wa zamani. Kuingia bure. Watu binafsi wanaweka magari yao ya kale kwenye vyumba vya vioo vilivyopangwa, na kuna gereji ambapo unawaona mafundi wakifanya kazi. Ndiyo maana nasema Jumatatu, Jumapili mafundi hawapo. Ni treni ileile ya S1 inayopita Mercedes, ila upande wa pili.

Na Jumamosi mkitoka Mercedes, piteni bustani ya Cannstatt muone kibanda alichofanyia kazi Daimler. Mtunza bustani wake alisikia vyuma vikigongwa usiku, akaenda polisi kumshtaki kwamba anatengeneza pesa bandia. Polisi walivamia, wakakuta injini. Angalia kwanza saa za kufungua, hakifunguliwi muda mrefu.

BabuVespa_Ngambo:
Böblingen mzee ataanza kuwafundisha kazi mafundi wa Kijerumani. Kaka yako awe tayari kutafsiri.