Jumamosi ya Uptown: gumzo la kikundi cha familia

Zuhura, saa 1:04 jioni
Ndugu zangu, habari za jioni. Baba Mkubwa anaingia Chicago Ijumaa, naye amekwisha kusema kwamba hataki kukalishwa sebuleni mbele ya televisheni, kwa hiyo Jumamosi tunatoka. Napendekeza tubaki mtaa wa Uptown, kwa sababu ukishuka treni ya Laini Nyekundu katika kituo cha Lawrence, kumbi za Green Mill, Aragon na Riviera zote unazifikia kwa miguu kabla hujachoka. Kila mmoja aseme anataka muziki, tamthilia au vichekesho, na majibu niyapate kabla ya saa 4 usiku huu.

Zuhura, saa 2:10 usiku
Naona watu tisa mmesoma na hakuna aliyejibu.

Hamisi, saa 2:13 usiku
Ningejibu mapema, dada, ila nilikuwa nasubiri uamue ili nami nichague hichohicho.

Zuhura, saa 2:15 usiku
Basi nimeamua Green Mill. Ni ukumbi wa jazi uliofunguliwa mwaka 1907, na ndipo Marc Smith alipoanza mwaka 1986 kuendesha mashindano ya ushairi wa jukwaani usiku wa Jumapili. Wanamuziki wakianza kupiga, wasikilizaji hutakiwa kunyamaza, jambo ambalo litatufaa sana tukiwa na Hamisi.

Hamisi, saa 2:19 usiku
Dada ameruka habari ya Joe E. Lewis. Huyo alikuwa mchekeshaji wa Green Mill enzi za jambazi Al Capone. Mwaka 1927 alihamia ukumbi wa washindani, watu wakamfuata hadi chumbani kwake hotelini wakamkata koo. Alipona, akarudi jukwaani kuchekesha. Ndiyo maana mimi sijawahi kuthubutu kujitoa katika kikundi hiki.

Rukia, saa 2:20 usiku
Ni Capone mwenyewe aliyemkata?

Zuhura, saa 2:21 usiku
Rukia, nimeuliza muziki, tamthilia au vichekesho.

Farida, saa 2:34 usiku
Wifi, kabla hujatufikisha mlangoni, naomba kujua kama umesoma sharti la umri. Green Mill haimpokei mtu aliye chini ya miaka 21, na Idi ana miaka 19. Sijasahau Februari ile, kwenye ukumbi ambao sitautaja, tulipoingia sote na mwanangu akabaki nje chini ya reli za treni saa nzima akiwa na glavu moja, kwa sababu wewe ulikuwa umetuahidi kwamba ungezungumza na bawabu. Fedha za tiketi yake hadi leo sijaziona.

Zuhura, saa 2:36 usiku
Wifi, jambo hilo tulilimaliza kwenye harusi ya Rukia.

Farida, saa 2:36 usiku
Kwenye harusi ya Rukia tulizungumza habari za keki.

Hamisi, saa 2:38 usiku
Twendeni Aragon basi, haina ubishi. Jumba lilijengwa mwaka 1926 kwa ajili ya dansi, na sauti humo hurudi kutoka kila pembe, hivyo mwimbaji akitamka neno moja unalisikia mara tatu. Kwa bei za tiketi za siku hizi, hiyo ni faida.

Idi, saa 3:02 usiku
Shangazi, mimi sina kinyongo, ingawa ni kweli kwamba glavu ilikuwa moja. Naomba tuwafikirie Neo-Futurists, kikundi cha tamthilia, ambao tangu mwaka 1988 wanajulikana kwa kujaribu kucheza michezo 30 ndani ya dakika 60, huku watazamaji wakipiga kelele kutaja namba ya mchezo unaofuata. Nilipowaona mimi walikuwa mtaa wa Andersonville, ghorofani, juu ya nyumba iliyowahi kutumika kuandalia maziko.

Hamisi, saa 3:04 usiku
Baba Mkubwa atadhani tumemwahisha.

Mzee Salim, saa 3:41 usiku
Wanangu, nimesoma yote tangu mwanzo. Mtaa huo mnaoujadili niliishi na marehemu mama yenu mkubwa. Tuliingia Uptown Theatre pale barabara ya Broadway mwaka 1981, miezi michache kabla haijafungwa. Ina viti 4,381, na sisi tulipata vya nyuma kabisa kwenye roshani, akapanda ngazi zote hizo akiwa ameshika viatu mkononi. Tangu mwaka huo haijafunguliwa tena. Mnipitishe mbele yake, hata kama milango ina minyororo. Mimi ngazi siziwezi tena. Mahali ambapo Idi atazuiwa, nami nitabaki nje pamoja naye. Na fedha za mtoto zirudishwe kabla sijafika.

Zuhura, saa 4:17 usiku
Shikamoo, Baba Mkubwa. Nimekusikia.

Zuhura, saa 4:29 usiku
Nimebadilisha. Tutakwenda Black Ensemble Theater, mtaa wa Clark, humuhumu Uptown. Jackie Taylor aliianzisha mwaka 1976, na katika jengo hilo wamo tangu mwaka 2011. Michezo yao mingi inasimulia maisha ya waimbaji Weusi, nyimbo zikipigwa palepale jukwaani, kwa hiyo muziki na tamthilia tunavipata kwa tiketi moja. Ukumbi si mkubwa, hivyo Baba Mkubwa hatakuwa mbali na jukwaa. Nitawapigia simu kesho kuhusu ngazi.

Rukia, saa 5:50 usiku
Samahani, nilikuwa nimelaza watoto. Mimi nilitaka vichekesho. Kuna Laugh Factory upande wa Belmont, vituo vinne tu kutoka Lawrence.

Hamisi, saa 5:52 usiku
Katikati ya vituo hivyo kuna Addison, na siku ya mechi katika uwanja wa besiboli wa Wrigley Field hatutapata hata pa kuning'inia. Aidha, kumbi nyingi za vichekesho humtaka kila mtu aagize angalau vinywaji viwili, nami namjua atakayelipia vya kwangu.

Zuhura, saa 12:40 asubuhi
Vichekesho tutaviamua Baba Mkubwa akishafika. Nimeshika viti sita vya Jumamosi mchana, na waliothibitisha ni wanne. Wifi, angalia simu yako, nimetuma.

Farida, saa 1:15 asubuhi
Nimeziona, wifi. Ni nusu.